Maiki inanipiga shoti midomoni, na hoteli inadai cheti: tupime nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Naimba na kupiga gitaa kwenye bendi ya watu sita. Tunapiga harusi, sendofu na mikesha, kuanzia Mbeya mjini na Tukuyu hadi Iringa. Mwaka jana amplifaya yangu ilikuwa inaunguruma sana kila tukiiunganisha kwa kebo kwenye mixa. Mpiga besi wetu akafungua plagi, akachomoa waya wa kijani na njano, na muungurumo ukaisha palepale. Jambo la pili: kuna kumbi nikisogeza mdomo kwenye maiki huku nimeshika gitaa napigwa shoti ya midomo, hasa kumbi kubwa ambako tunaweka maiki mbele ya amplifaya badala ya kebo. Kumbi ndogo haitokei. La tatu: hoteli moja Iringa imetupa kazi ya Desemba lakini inataka cheti kwamba vyombo vyetu vimepimwa usalama wa umeme. Vinapimwa nini hasa, na nani, kila baada ya muda gani? Au ni mradi wa kutuchuna tu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniandikia mambo matatu kana kwamba hayajuani. Mawili ya kwanza ni jambo moja, na la tatu lingekuwa limeligundua tangu mwaka jana. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kafungue plagi ile urudishe waya wa kijani na njano kwenye pini ndefu. Mengine yatasubiri.

Waya huo ndio ethi. Haupelekei amplifaya nguvu yoyote, ndiyo maana ukichomolewa chombo kinaendelea kupiga kama kawaida na kila mtu anaona fundi ni hodari. Kazi yake ni moja: umeme ukivuja ukafika kwenye bodi ya chuma, upate njia ya kwenda ardhini bila kupitia kwako. Kwenye gitaa la umeme jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nyuzi za gitaa mara nyingi zimeungwa, kupitia kebo, moja kwa moja na bodi ya amplifaya. Ukishika nyuzi umeshika bodi.

Sasa tazama kilichotokea. Kwenye kumbi ndogo mnapitisha kebo kutoka amplifaya hadi mixa. Waya wa nje wa kebo hiyo, ule uliosukwa kuzunguka waya wa katikati, unaunganisha bodi ya amplifaya na bodi ya mixa, na mixa ina ethi yake. Kwa hiyo amplifaya yako, ingawa imenyang'anywa ethi yake, inaazima ya mixa kupitia kebo nyembamba ya sauti. Shoti haiji. Kwenye kumbi kubwa mnaweka maiki mbele ya spika, kebo ile haipo, na amplifaya inabaki inaelea. Maiki unayoimbia imeshikamana na ethi ya mixa. Nyuzi unazoshika hazijashikamana na chochote isipokuwa uvujaji wa amplifaya yako. Kati ya hivyo viwili kuna mdomo wako, wenye ngozi laini na mate. Ndiyo maana unapigwa huko tu.

Muungurumo nao ulikuwa wa nini? Ethi zilikuwa mbili: moja kupitia plagi ya amplifaya, nyingine kupitia kebo kwenda plagi ya mixa. Njia mbili zikikutana zinafanya duara, duara linanasa mtetemo wa hezi 50 wa umeme wa gridi, na mixa inaukuza. Ni kero ya sauti, haina hatari. Mpiga besi wenu aliponya kikohozi kwa kumkaba mgonjwa koo. Dawa yake ni kulivunja duara upande wa sauti: wekeni DI boksi (kiboksi cha kupitishia sauti ya chombo kwenda mixa) yenye transfoma kati ya amplifaya na mixa, mbonyeze kile kiswichi chake cha kuachanisha ethi. Kiswichi hicho kinaachanisha waya wa nje wa kebo ya sauti tu, plagi hakiigusi. Jaribuni pia kuchomeka amplifaya na mixa kwenye ubao mmoja wa soketi badala ya kona mbili za ukumbi. Mara nyingi hilo peke yake linapunguza muungurumo hadi usiusikie.

Kuhusu ukubwa wa hatari, nikupe namba. Umeme wetu ni volti 230. Mkondo wa miliampia 1 unausikia. Ukifika 10 hivi, misuli inakaza na mkono unaweza kushindwa kuachia ulichoshika. Ukipita 30 kwa muda wowote wa maana, moyo uko hatarini. Mwili wenye mikono ya jasho tuseme una ukinzani wa omu 1,500. Gawanya 230 kwa hiyo, unapata zaidi ya miliampia 150. Unachokisikia midomoni sasa ni kidogo sana kuliko hapo. Huenda kinatoka kwenye kapasita za kuchuja kelele ndani ya amplifaya, ambazo kila moja huvujisha sehemu ya miliampia. Lakini siku transfoma ya amplifaya itakapochoka, au waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ukikatika ndani na kuangukia bodi, njia ni ileile na mdomo ni uleule. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwezi Mei 1972 kwa sababu ya namna hii hii: gitaa mkononi, akagusa maiki, ethi haikuwa sawa. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds, akafa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme. Hawa walikuwa watu wenye vyombo vizuri kuliko vyako na vyangu.

Kwa hiyo hapana, hoteli haikuchuni. Desturi ya kupima vyombo vinavyohamahama na kuvibandika stika ilikomaa Uingereza baada ya kanuni zao za umeme kazini za mwaka 1989, na hoteli zinazopokea wageni wa nje huipenda. Hata huko, kanuni yenyewe haisemi mpime kila mwaka. Inasema chombo kiwe salama, na muda wa kupima unafuata namna kinavyotumika. Amplifaya inayokaa kanisani pasipoguswa si sawa na ekstensheni inayokanyagwa na waalikwa mia tatu kila Jumamosi.

Vipimo vyenyewe ni vichache. Cha kwanza ni macho, na mimi ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu kasoro nyingi zinaonekana kabla mita haijatoka kwenye begi. Fungua kila plagi. Angalia kama waya umebanwa na kibano chake au unaning'inia kwa skrubu peke yake. Angalia fyuzi: kinanda kinatosha fyuzi ya ampia 3, na ukikuta imeviringishwa karatasi ya fedha ya sigara, tupa plagi nzima. Pitisha waya wote vidoleni, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukitafuta palipopondwa na ngazi au palipofungwa nailoni. Waya uliofungwa nailoni haujatengenezwa, umefichwa.

Hapohapo niseme jambo la plagi za Ulaya, maana vyombo vya mtumba vinakuja nazo sana: zile za mviringo zenye pini mbili nene. Watu wanachomeka kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi yetu, milango ya ndani inafunguka, wanaingiza pini mbili, kazi inaendelea. Plagi ile ethi yake iko pembeni, kwenye vile vibati viwili, na kwenye soketi yetu vibati hivyo havigusi kitu. Chombo cha chuma ukikichomeka hivyo ni sawa kabisa na alichokifanya mpiga besi wenu. Badilisha plagi, ni kazi ya dakika kumi.

Kipimo cha pili ni kuendelea kwa ethi. Chombo kikiwa kimechomolewa, mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ndefu, nyingine kwenye skrubu ya bodi pasipo na rangi. Inayotakiwa ni takriban omu 0.1 pamoja na omu za waya wenyewe; waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye mita 10 una kama omu 0.13. Mita za bei nafuu zina omu zao kwenye nyaya za kupimia, kwa hiyo kwanza gusanisha ncha mbili, soma, kisha toa. Halafu fanya ambalo wengi hawalifanyi: wakati mita inasoma, tikisa waya, hasa unapoingia kwenye plagi na unapoingia kwenye chombo. Mita ya mkononi inatuma mkondo mdogo mno, itafurahi hata kama ethi imebaki na unyuzi mmoja. Mashine maalumu ya kupimia vyombo hutuma mkondo mkubwa zaidi, na huko ndiko unyuzi mmoja unakojulikana. Kama huna mashine, mtikiso ndio mashine yako. Ukimaliza bodi, chomeka gitaa upime kutoka pini ndefu hadi kwenye nyuzi.

Cha tatu ni mega, mita ya kupima kama kizuizi cha umeme kwenye nyaya bado ni kizima: inatuma volti 500 za DC kati ya laivu na nyutro (waya wa kurudishia umeme) zilizounganishwa upande mmoja na ethi upande wa pili, swichi ya chombo ikiwa imewashwa. Chombo chenye ethi kisishuke chini ya megaomu 1. Chenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, kisishuke chini ya 2. Hiki usikifanye mwenyewe. Kinanda au mixa yenye kinga ya volti kupanda ghafla ndani inaweza kusoma vibaya kwa volti 500 bila kuwa na kosa, na fundi anayejua atashuka hadi 250 au atapima uvujaji badala yake. Amplifaya zilizolala stoo Tukuyu msimu wa mvua nazo husoma chini kwa unyevu tu. Ziwekeni sehemu kavu yenye joto siku mbili tatu, mpime tena kabla ya kuzihukumu.

Ukinisikiliza mimi kuhusu muda: macho na mtikiso kila kabla ya kazi, omu kila mwezi, mega mara mbili kwa mwaka, yaani Oktoba kabla ya mvua na Mei zikiisha. Ekstensheni zipimwe mara nyingi kuliko vyombo. Ekstensheni iliyokatika ethi ni mbaya kuliko amplifaya iliyokatika ethi, maana vyombo vyote vilivyochomekwa humo vinaunganisha uvujaji wao na kugawana. Vyombo vinane vizima, kila kimoja kikivujisha kidogo kinachoruhusiwa, vinampiga mwimbaji kwa pamoja, na ukipima kimoja kimoja nyumbani hukuti mwenye kosa.

Hadi hapa nimezungumzia vyombo vyenu. Tatizo ni kwamba hamkai kwenu, mnahamia kwenye soketi za watu.

Nunueni kile kipimia soketi chenye taa tatu, kisha msikiamini kupita kiasi. Kitakuambia kama laivu na nyutro zimegeuzwa au ethi haipo kabisa. Hakitakuambia kama ethi ni dhaifu, kwa sababu taa yake inawaka kwa mkondo mdogo sana. Na hakitakuambia kama fundi wa ukumbi, kwa kukosa ethi, aliunganisha nyutro na ethi ndani ya soketi. Nimeikuta hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Taa zote zinakuonyesha heri, lakini siku nyutro ikikatika, bodi za vyombo vyote zinapanda hadi volti 230 kwa mpigo. Tesa ya bisibisi ndiyo kabisa: inawaka kwa laivu, inawaka kwa uvujaji usio na madhara, na juu ya ethi haisemi neno.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wengine wanalikosea. Nyumba nyingi huku zina rodi yao ya ethi iliyopigwa chini, na udongo ndio unaorudisha umeme. Tuseme rodi ina omu 50, ambayo si ajabu, na mwezi Septemba au Oktoba udongo ukikauka inaweza kupanda zaidi. Laivu ikigusa bodi ya amplifaya, mkondo utakaopita ni 230 kugawanya kwa 50: ampia 4.6. Fyuzi ya ampia 13 haitaungua. Sakiti breka ya ampia 32 haitajua kama kuna jambo. Bodi itabaki na umeme karibu wote usiku kucha, ingawa ethi ipo na imeunganishwa vizuri. Kinachookoa hapo ni RCD ya miliampia 30, ile yenye kitufe cha T, ambayo inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikitokea. Nunueni ya kwenu, ya kuchomeka, iwe mlango wa kwanza kati ya soketi ya ukumbi na ubao wenu. Bonyezeni T kila mnapofunga vyombo. Kitufe kinathibitisha kwamba yenyewe inakata, ethi hakiipimi. Na RCD haitakusaidia ukishika laivu mkono huu na nyutro mkono huu.

Nilijifunza umuhimu wa kuwa na mlango wenu wenyewe kwenye harusi moja Rungwe, usiku wa manyunyu. Vyombo vya bendi nilikuwa nimevipima wiki ileile, stika bado mpya. Katikati ya kukata keki mpiga kinanda akaruka. Tukazima, tukapima, kinanda kizima. Kosa lilikuwa kwenye taa za mapambo: waya wake ulichubuka ukalalia stendi ya chuma ya maua, stendi ikaegemea stendi ya spika yetu. Tangu siku hiyo kabla ya kuanza nazunguka jukwaa lote na kuuliza kila chuma kinagusana na nini, hata kama mapambo si kazi yangu na wenye mapambo wananiangalia vibaya.

Jenereta ina mambo yake. Nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na fremu, umeme wake unaelea. Kosa la kwanza halikupigi, unafikiri mambo shwari. La pili ndilo linalokukuta. Na kwa umeme unaoelea RCD haioni njia ya kurudi, inaweza isikate kabisa. Fundi aunganishe nyutro na fremu mahali pamoja tu, kama mwongozo wa jenereta hiyo unaruhusu, na apige rodi ardhini karibu nayo. Waya wenye plagi dume pande mbili, ule wa kurudishia umeme kwenye nyumba kupitia soketi, usiwe ndani ya gari lenu hata siku moja. TANESCO ikiwa imekata kwa matengenezo, mnampelekea fundi aliye juu ya nguzo.

Kipimo cha mwisho kinachukua nusu dakika na ndicho ningekuachia kama ningeruhusiwa kimoja. Vyombo vyote vikishawashwa, kabla hujaimba, weka mita kwenye volti za AC, kipimo cha juu kabisa. Ncha moja kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa, mikono yako ikishika plastiki tu. Volti moja au mbili, imba. Ikisoma sitini, tisini, mia na kitu, kuna chombo kimekosa ethi. Huenda ni uvujaji mdogo tu unaoidanganya mita, lakini jukwaani si mahali pa kubishana nayo. Ikikaribia 230, zimeni kwenye swichi kuu, msishike chombo. Viatu vya raba na sponji ya maiki vinapunguza ukali, havitoshi kuwa kinga. Maiki isiyo na waya inaondoa kabisa njia ya mdomoni, na kwa mwimbaji anayepiga gitaa mimi ningeinunua kabla ya spika mpya.

Cheti sasa. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aliye na mega na mashine ya kupimia vyombo. Ukimkosa mtaani, waulize walimu wa umeme VETA au pale chuo kikuu cha MUST, Iyunga, watakuelekeza kwa mtu. Kila chombo na kila ekstensheni ipewe namba kwa kalamu isiyofutika. Karatasi iwe na namba hiyo, omu za ethi, megaomu, tarehe, jina na leseni ya aliyepima. Cheti kinachosema tu kwamba vyombo vya bendi viko salama, bila namba hata moja, hakina thamani ya wino wake, na hoteli makini itakirudisha. Mkikabidhi karatasi yenu, ombeni na ya kwao: rodi ya ukumbi ina omu ngapi, ilipimwa lini, na RCD ya soketi za jukwaani iko wapi muibonyeze kabla hamjashusha vyombo.